Pombe ya kata na pombe ya chupa

Maneno ya mpika wanzuki, pombe ya asali, wa Isevya kwa wafuga nyuki na akina mama wapika pombe, Tabora mjini

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, akina mama. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotaka kutoroka, sogeeni mbele, viti vipo, na sauti yangu si ya kipaza sauti.

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Mimi nimezoea kuisubiri pombe wiki tatu, kwa hiyo nusu saa kwangu ni kama kukohoa, lakini nitajitahidi.

Kwanza niwasalimu wenzetu ambao hawanywi. Najua mpo wengi, na najua pia ni ninyi mnaotuletea asali kutoka Sikonge na Uyui, tena asali nzuri. Kaeni tu. Humu mna mambo ya asali yatakayomfaa hata asiyeonja kilevi maisha yake yote. Na nimtoe wasiwasi anayeandika kumbukumbu za kikao: mimi nakaa Isevya. Isevya, si mtaa wa Gongoni. Gongo, ile pombe ya mtambo, sipiki, sijawahi kupika, na kuipika ni kosa la jinai. Aliyekuja kutafuta habari za mtambo amekosea ukumbi.

Sasa. Karibu kila wiki anakuja mtu kwangu, mara nyingi binti aliyemaliza shule, ananiambia: "Mama, nifundishe kuweka wanzuki kwenye chupa, niuze kama bia." Ameshatafuta chupa, ameshachorewa lebo yenye nyuki, amebakiza kizibo tu. Anafikiri kazi ni kizibo. Ningependa leo nieleze kwa nini kizibo ndicho cha mwisho kabisa.

Pombe yetu imeandikwa zamani. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alifika hapa pamoja na mwenzake Speke, wakati huo mji ukiitwa Kazeh, wakapumzika kwa Waarabu. Burton alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona na pombe hakuiruka. Alieleza mtama unavyoloweshwa hadi uchipue, unavyotwangwa na kuchanganywa na unga wa mtama usiochipua, mara nyingine na asali kidogo, ukachemshwa mara mbili tatu kwenye vyungu vikubwa, ukaachwa uchachuke. Kisha akaongeza jambo ambalo kila mpika pombe hapa analijua bila kuambiwa na Mwingereza: baada ya siku ya tatu inakuwa kali kama siki.

Hiyo siku ya tatu ndiyo habari yangu ya leo. Pombe yetu tangu enzi za wapagazi imepikwa ili inywewe ikiwa hai. Unaikuta inanong'ona kwenye mtungi, unaichota kwa kata, unakunywa na machicha yake, na kesho yake ni kitu kingine. Hakuna bibi aliyepika pombe akitarajia ikae mwezi. Chupa ni mgeni kwetu, na mgeni huyu ana masharti yake.

Niliyajua masharti hayo usiku mmoja wa Oktoba. Mtoto wa dada yangu alikuwa na sendofu yake Jumamosi, nikajitolea vinywaji. Nikapika wanzuki ndoo moja, siku ya nne nikaionja, tamu kidogo, ina mchomo, nikasema imeiva. Nikaijaza kwenye chupa za bia, kreti mbili kasoro chupa chache, nikagonga vizibo, nikaziweka chumbani nyuma ya pazia, kwa sababu ndipo watoto hawafiki. Mnajua joto la Tabora kabla mvua hazijaanza. Usiku wa Ijumaa, saa nane hivi, ikalia ya kwanza. Mume wangu, aliyepitia mgambo, akapiga kelele "Lala chini!" na yeye mwenyewe akajitupa sakafuni upande ule ule wa pazia. Ikalia ya pili. Halafu zikafuatana kama mahindi ya bisi. Tulitoka kwa magoti.

Asubuhi tukahesabu kumi na saba zilizopasuka. Mume wangu alikuwa na mkwaruzo sikioni, Mungu mkubwa, hakuna aliyepoteza jicho. Lakini kwenye mlango wa kabati letu la mninga ilikuwa imejikita shingo ya chupa, imeingia ubaoni kwa ncha, na kizibo bado kimeng'ang'ania juu yake. Mnaujua mninga. Msumari wenyewe unaombwa kuingia. Sikuiondoa ile shingo kwa mwaka mzima. Kila nilipotaka kufunga chupa mapema, nilikwenda kuitazama.

Nini kilitokea? Chachu inakula sukari, inatoa vitu viwili: kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwenye ndoo hewa hiyo inapanda, inatoka, mnaiona kama mapovu na kusema pombe inachemka. Kwenye chupa haina pa kwenda. Gramu nne za sukari zikiliwa ndani ya lita moja ya pombe zinatoa karibu lita nzima ya hewa. Bia ya kawaida yenye povu zuri, ikiwa kwenye joto la chumba, ina msukumo unaokaribia upepo wa tairi la gari dogo, na chupa ya bia imetengenezwa kuubeba. Mimi nilifunga pombe ya siku nne. Nikikadiria leo, ilikuwa imebakiwa na gramu ishirini za sukari kwa lita, pengine zaidi. Yaani kwa kila chupa ya nusu lita, lita mbili na nusu za hewa zinatafuta mlango. Na mlango haukuwepo.

Mtauliza, mbona ulimi ulisema imeiva? Ulimi ni mwongo, jamani. Si mwongo wa makusudi, ni shahidi aliyechoka. Mpika pombe anaonja tangu asubuhi, ikifika jioni ulimi umezoea utamu hauusikii tena. Na asali ina harufu inayokudanganya kuwa kuna utamu hata ulipokwisha. Ndiyo maana nina hiki kijiti cha kioo, mwanangu aliniletea kutoka Morogoro alipokuwa chuoni. Kinaitwa haidromita. Kinaelea kama boya la mvuvi. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Sukari ikiwemo kinainuka, namba inapanda. Asali kilo mbili na nusu, ukijaza maji hadi lita 20, kitasoma 1.036 hivi. Chachu ikila, kinazama siku hadi siku, mpaka kifike 1.000 au chini yake kidogo, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji. Ukikuta namba ile ile leo, keshokutwa, na siku mbili baada ya hapo, pombe imemaliza kazi. Utakuwa na kitu cha asilimia 5 hivi za kilevi, sawa na bia.

Asiye na kijiti atumie subira. Wiki tatu, mapovu yamekoma kabisa, juu pameng'aa, machicha yamelala chini kama tope la mto ulioacha kufurika. Ukitikisa ndoo na ikaanza kunong'ona upya, rudi ukalale.

Kwa hiyo kanuni yangu ninayowapa mabinti ni hii: inayofanya kazi ni ya kata, iliyomaliza kazi ni ya chupa. Katikati hapo hakuna biashara.

Sasa asali. Hapa nizungumze na wafuga nyuki, maana wanzuki mbovu mara nyingi imeanzia porini. Asali nzuri ni karibu asilimia 80 sukari, na maji yasizidi asilimia 20. Ndiyo maana haiozi: chachu ikidondokea humo inakauka, haipati maji ya kuishi. Ukivuna masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta, umevuna maji. Ndoo itaanza kuumuka yenyewe stoo na utamlaumu mnunuzi. Jambo la pili, moshi. Kuna asali naletewa hapa inanuka kama nguo za mlinzi wa usiku. Moshi hauchachuki, haupotei, unaingia hadi kwenye chupa na unanikuta mezani kwa mteja. Na la tatu, si la pombe lakini nimepewa nafasi ya kusema nitasema: mzinga wa gome unaua mti. Unauchuna mti wa mtundu uliokupa maua ili upate mzinga wa misimu michache. Mimi si bwana misitu, naishia hapo.

Bibi yangu hakuwa na haidromita wala hamira ya dukani. Alikuwa anatumbukiza kwenye mtungi vipande vya masega vyeusi, vile vyenye chavua iliyoshindiliwa na nyuki. Nilikuwa nachukia, naona kama uchafu. Nikimuuliza anasema, "Vinaiamsha." Nimekuja kuelewa nikiwa na mvi. Asali ina sukari tele lakini chakula kingine cha chachu, kile cha kujengea mwili, ni kidogo mno. Chachu kwenye asali tupu ni kama mtoto anayelishwa sukari guru tu: anarukaruka halafu anadhoofu, na pombe inasimama njiani. Chavua ndiyo maharage yake. Na ndiyo maana kangara, ile pombe yenye pumba za mahindi ndani, inachemka haraka kuliko wanzuki. Wazee walijua matokeo bila kujua sababu, na mimi sioni aibu kusema bado natumbukiza chavua, ila naifunga kwenye kitambaa safi kilichochemshwa.

Ninavyopika nyumbani ni hivi. Maji nachemsha, nayaacha yapoe hadi kidole kiyavumilie bila kulalamika. Asali siichemshi, ukiichemsha harufu ya maua inapaa na moshi wa kuni unakaa. Nakoroga kwa nguvu sana mwanzoni, kwa sababu chachu inataka hewa ya kuanzia, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuikaribisha hewa. Hamira kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20. Mfuniko natoboa, naingiza mpira wa dripu, mpya, wa duka la dawa, mwisho wake unazama kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka kwa kububujika, ya nje haiingii. Ile siki ya siku ya tatu aliyoiandika Burton ni kazi ya bakteria, na wale wa siki wanataka hewa ya nje. Wanyime mlango. Na kila kitakachogusa pombe ikishapoa kiwe kimechemshwa: kata, chujio, mpira, hata mkono wako uwe umeoshwa kwa sabuni. Kwenye pombe ya kata uchafu kidogo unanywewa kabla haujazaa. Kwenye chupa una mwezi mzima wa kuzaa.

Siku ya kufunga, kwa lita 20 zilizomaliza kazi, napima sukari gramu 120 kwa mizani, si kwa kiganja. Naichemsha na kikombe cha maji, naimimina kwenye ndoo safi, halafu naihamisha pombe juu yake kwa mpira, taratibu, machicha yabaki chini. Chachu iliyobaki itakula sukari hiyo kidogo tu na kutoa povu la kutosha. Chupa naacha vidole viwili juu. Na hapa nina hila yangu moja ninayoipenda: chupa moja najaza ya plastiki ya soda. Huyo ndiye mpelelezi wangu. Namweka na wenzake, kila asubuhi nambonyeza. Akiwa mgumu kama tairi la baiskeli lililojazwa vizuri, wenzake wako tayari. Akianza kuvimba kitako, nafungua wote siku hiyo hiyo, nje ya nyumba, nimejifunga kanga usoni. Chupa za sosi na za mvinyo msitumie, hazikuumbwa kwa msukumo. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya tumbaku, hata ukilisugua kwa mchanga wa ziwa zima, usilitumie kwa pombe wala kwa maji ya kunywa.

Wapika pombe ya mtama hamjasahauliwa, ila kwenu nina neno zito zaidi. Kimea. Mtama unaochipua una kitu kwenye chipukizi na vimizizi vyake kinachozaa sayanaidi. Mama zetu wanaanika kimea, wanakipekecha, wanakipepeta, mikia inaondoka. Siku hizi naona watu wanasaga na mikia yake ili kilo isipungue. Msifanye hivyo. Halafu kuvu. Kimea kikianikwa siku za mawingu kinaota ukungu, mtu anasema "kitachemshwa." Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 walikufa. Walikula mahindi, chakula cha kila siku.

Na Msumbiji, Januari 2015, mji wa Chitima mkoani Tete, watu walitoka msibani wakanywa pombe ya kienyeji. Walikufa 75. Kwa wiki kadhaa maneno yakawa nyongo ya mamba, kwamba kuna mtu aliitia. Mnajua jinsi sisi tunavyopenda nyongo ya mamba. Sampuli zilipopimwa maabara Marekani, kumbe bakteria, aliyemea kwenye unga wa mahindi ulioloa. Sumu yake haina harufu, haibadilishi ladha, na moto hauimalizi. Unga ulioloa, hata ukiwa umenunuliwa kwa bei ya kutupa, mwageni shimoni. Hata kuku msiwape.

Sasa nirudi kwenye chupa, niwaambie kilichoniuma zaidi kuliko zile kumi na saba. Nilipojifunza kusubiri, nikapata wanzuki safi, inang'aa kama chai ya rangi, ina povu jembamba, nikapeleka kwa wateja wangu wa kilabuni. Mzee mmoja akanywa, akaweka glasi chini, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, asali umeiweka lini?" Wenzake wakacheka. Alikuwa na haki. Wanzuki aliyokulia nayo ni tamu, nzito, inachemka mdomoni. Pombe iliyomaliza kazi haina utamu, kwa sababu utamu ndio ulioliwa. Ukirudisha utamu kwa asali, umerudisha shingo ya chupa kwenye kabati.

Viwanda vina njia zao, wanaua chachu kwa joto, wanachuja, wanaingiza hewa kwa mashine. Mimi nyumbani sina mashine, na kupasha moto chupa iliyofungwa yenye povu ni kutafuta msiba. Kwa hiyo nimeamua kuuza vitu viwili kwa majina mawili. Ya ndoo, tamu, ya siku tatu nne, ananunua anayekuja na chombo chake, anakunywa leo. Ya chupa, kavu, wanainunua vijana na wageni wa hoteli, inapelekwa baridi. Yule mzee hadi leo ananunua ya ndoo na anasalimia ya chupa kwa mbali. Kangara sijaiweka chupani na sitaiweka, utamu wake uko kwenye zile pumba.

Nimesoma kwamba huko Uingereza zamani ale, pombe yao ya nafaka, ilifanana na ya kwetu. Haikuwa na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, mara nyingi ilipikwa na wanawake majumbani, na ilinywewa ndani ya siku chache kabla haijaharibika. Hopsi zilipoingia kutoka ng'ambo karne ya 15, bia ikaanza kukaa, ikaweza kusafirishwa, na kidogo kidogo kazi ikatoka jikoni ikaenda kwa wanaume wenye mitaji. Nawaambia akina mama bila kumung'unya maneno: wanzuki ikianza kukaa, kuna watu watakuja na lori. Bora wakukute unajua kuisoma haidromita yako mwenyewe, na daftari lako lina tarehe, kilo na namba za kila ndoo, kuliko wakukute na mkono mtamu tu ambao hauwezi kuelezeka.

Kuhusu kuuza sitasema mengi, maafisa wapo. Vileo vina sheria yake tangu 1968 na leseni yake. Ukiweka lebo, TBS wa viwango na TRA wa kodi wanakuhusu. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamezoea kuongea na watu wa ndoo moja. Na chupa za bia zenye jina la kiwanda ni mali ya kiwanda, kwa kujifunzia nyumbani sawa, kwa dukani tafuta zako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia. Kwenye kapu hili nina chupa nne na mpelelezi wao. Mpelelezi huyu hapa, mpitisheni kutoka mstari wa mbele hadi kwa wale wa mlangoni, kila mmoja ambonyeze ajue ugumu unaotakiwa, msimtikise. Chupa zimefungwa siku ya ishirini na tatu, namba zilisimama 0.998 mara tatu, imo daftarini. Wasiokunywa, kuna sega kwenye sahani ile yenye kawa, limetoka Sikonge juzi na halinuki moshi. Wewe kijana mrefu, lete kifungulio. Elekeza kizibo dirishani, usimwelekezee mwenyekiti.